Kubadili gia bila mkwaruzo: mwongozo wa baiskeli mpya ya mbio

Kidole kinachobonyeza leva hutoa amri tu. Anayebadili gia ni mguu. Mnyororo unahama vizuri kutoka sproketi moja (gurudumu la meno) hadi nyingine pale mguu unapoendelea kuzunguka huku umepunguza nguvu kwa nusu sekunde hivi. Ukikandamiza pedali kwa nguvu zote na papo hapo ukabonyeza leva, utasikia ule mkwaruzo mkali unaowafanya watu waamini kwamba baiskeli yao ni mbovu. Mara nyingi baiskeli ni nzima, ila imeamriwa kufanya kazi ikiwa imebanwa.

Nimeuandika mwongozo huu kwa mtu aliyetoka kwenye Black Mamba au Phoenix isiyo na gia, au baiskeli ya milima yenye leva za kidole gumba, na sasa ameshika usukani uliopinda kwa mara ya kwanza. Usijaribu yote siku moja. Hatua ya nne na ya tano ndizo zinazowatoa watu jasho, kwa hiyo nimekaa nazo zaidi.

Hatua ya 1: Ijue baiskeli yako kabla ya kuipanda

Anza na kuhesabu meno. Mbele, kwenye pedali, baiskeli nyingi za mbio zina sproketi mbili, na idadi ya meno mara nyingi imechapwa ubavuni. Jozi ya 50 na 34 ndiyo inayomfaa mtu wa kawaida. Jozi ya 52 na 36 inataka miguu iliyokomaa kidogo. Ile ya 53 na 39 ni jozi ya washindani wa zamani, na utaikuta sana kwenye baiskeli za mtumba zilizotoka Ulaya. Nyuma kuna kaseti, yaani rundo la sproketi 8 hadi 12, ndogo kabisa ikiwa na meno 11 au 12 na kubwa kabisa 25, 28, 32 au hata 34.

Hesabu hizi zina maana barabarani. Ukiwa na 34 mbele na 34 nyuma, pedali ikizunguka mara moja gurudumu nalo linazunguka mara moja, na baiskeli inasogea takriban mita 2.1. Ukiwa na 50 mbele na 11 nyuma, mzunguko huohuo mmoja unakupeleka takriban mita 9 na nusu. Hiyo ya kwanza ndiyo gia nyepesi, hiyo ya pili ndiyo nzito. Mtu mwenye 39 mbele na 25 nyuma hawezi kwenda chini ya mita 3.3 kwa mzunguko, na mtu huyo akiishi kwenye milima ya Limuru, Lushoto au Kigali atateseka bure. Kabla ya kulaumu magoti yako, muulize fundi kama dereila yako, yaani kifaa kinachohamisha mnyororo, inaweza kubeba kaseti kubwa zaidi. Nyingi zinaweza kuongeza meno mawili matatu, ila kila moja ina kikomo chake.

Sasa leva. Kwenye baiskeli yoyote ya kawaida, mkono wa kulia unaongoza sproketi za nyuma na wa kushoto unaongoza za mbele. Breki ni habari nyingine: baiskeli iliyotengenezwa kwa soko la Uingereza ina breki ya mbele kwenye mkono wa kulia, na ile ya bara la Ulaya au Marekani inayo kushoto. Lijaribu hilo ukiwa umesimama, maana kulikosea kwenye mteremko kuna hatari kubwa kuliko gia yoyote.

Kama leva zako ni za Shimano, leva ya breki yenyewe inasukumwa kwa upande wa ndani, na nyuma yake kuna leva ndogo. Shika hivi: leva kubwa inapeleka mnyororo kwenye sproketi kubwa, leva ndogo kwenye sproketi ndogo. Ni hivyo kwa mikono yote miwili. Tofauti ni kwamba sproketi kubwa ya nyuma inaleta wepesi, ilhali kubwa ya mbele inaleta uzito. Hapo ndipo wanaoanza wanapochanganyikiwa, na dawa yake ni mazoezi tu. SRAM za waya zina leva moja ya gia kila upande: msukumo mfupi unapeleka mnyororo kwenye sproketi ndogo, msukumo mrefu kwenye kubwa. Campagnolo wana leva nyuma ya breki kwa ajili ya sproketi kubwa, na kitufe cha kidole gumba upande wa ndani kwa ndogo. Ukikuta leva ziko kwenye fremu yenyewe, chini ya usukani, basi una baiskeli ya zamani, kwa maana Shimano walizihamishia gia kwenye leva za breki mwaka 1990. Hizo za kwenye fremu ni nzuri na hudumu, lakini itakubidi utoe mkono kwenye usukani kila unapobadili, kwa hiyo jizoeze kwanza kuendesha kwa mkono mmoja bila kuyumba.

Hatua ya 2: Inua gurudumu la nyuma uone kwa macho

Wengi huiruka hatua hii, na mimi naiona ndiyo inayofupisha safari nzima. Mwombe mtu ainue baiskeli kwa kushika kiti. Wewe chuchumaa upande wa kulia, zungusha pedali kwa mkono mmoja na ubadili gia kwa mkono mwingine. Fanya taratibu mno.

Tazama dereila ya nyuma, ule mkono wenye vigurudumu viwili vidogo unaoning'inia chini ya kaseti. Ukisukuma leva, unasogea kwa ndani na kuulaza mnyororo ubavuni mwa sproketi inayofuata. Kwa muda mfupi hakuna kinachotokea. Mnyororo unajikuna tu pale ubavuni. Kisha jino moja, mara nyingi lile lililokatwa fupi au lenye mfereji ubavuni, linaunyakua, na pingili zinazofuata zinapanda nyuma yake moja baada ya nyingine. Yale meno yanayoonekana kama yamelika kwenye kaseti mpya hayajalika. Yamechongwa hivyo makusudi ili yawe njia ya mnyororo kupandia na kushukia. Ndiyo maana gia haiingii palepale unapobonyeza: inangoja njia ifike. Na ndiyo maana haiingii kabisa kama pedali imesimama.

Sasa tazama kitu cha pili. Mnyororo una pande mbili, wa juu na wa chini. Wa juu ndio unaovuta gurudumu, kwa hiyo umekazwa. Wa chini unarudi nyuma ukiwa umelegea. Dereila ya nyuma inaushika ule wa chini uliolegea. Dereila ya mbele, kile kibano kilicho juu ya sproketi za mbele, inausukuma ule wa juu uliokazwa. Basi unaelewa kwa nini gia ya nyuma husamehe makosa madogo na ya mbele haisamehi.

Mwisho, mwambie msaidizi wako abane breki ya nyuma kidogo tu huku wewe ukizungusha pedali kwa nguvu, kisha badili gia. Sikiliza ule mlio. Huo ni mlima, umeuleta nyumbani. Mwambie aachie breki, badili tena, usikie tofauti. Mara moja inatosha, usiutese mnyororo.

Hatua ya 3: Barabara tambarare, mkono wa kulia peke yake

Tafuta uwanja mtupu au barabara isiyo na magari. Weka mbele kwenye sproketi ndogo, nyuma katikati ya kaseti, na uuache mkono wa kushoto upumzike kwa siku hizo za mwanzo. Mikono ikae juu ya vishikio vya breki, ambako vidole vinafikia kila leva.

Kabla ya kugusa gia, tafuta kasi ya miguu. Hesabu mara ambazo mguu wa kulia unashuka ndani ya sekunde 15. Ukipata 20 hadi 22, miguu inazunguka mara 80 hadi 88 kwa dakika, na hapo ndipo pazuri. Aliyezoea baiskeli nzito ya mizigo ataona ni haraka kupita kiasi, kwa sababu amezoea kukandamiza polepole. Vumilia. Miguu inayozunguka haraka inaweka nguvu kidogo kwenye kila mzunguko, na meno mengi zaidi yanapita mbele ya mnyororo kwa kila sekunde, kwa hiyo gia inaingia upesi na kwa ulaini. Mwendesha baiskeli wa mbio Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kulelewa kimchezo na David Kinjah kule Kikuyu, alijulikana dunia nzima kwa miguu ya namna hiyo. Alipowaacha wenzake kwenye Mont Ventoux, mlima wa Ufaransa, mwaka 2013 alikuwa ameketi kitini, akizungusha kwa kasi iliyowashangaza watazamaji.

Sasa badili. Mpangilio ni huu: punguza, bonyeza, ngoja, rudisha. Punguza nguvu ya mguu bila kusimamisha mzunguko. Bonyeza leva mara moja, kwa uhakika, hadi usikie tik. Ngoja robo au nusu mzunguko mpaka uhisi mnyororo umekaa. Kisha rudisha nguvu. Yote haya hayazidi sekunde moja.

Ukitaka kuwa makini zaidi, lenga pale mikono ya pedali inapokuwa wima, mguu mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa. Hapo hata mtu mwenye nguvu kiasi gani hawezi kusukuma sana, kwa hiyo mnyororo umelegea wenyewe. Pedali zikiwa zimelala sawa na ardhi ndipo nguvu inapokuwa kubwa kabisa, na ndipo pabaya pa kubadilia.

Panda kaseti yote sproketi moja moja hadi kwenye nyepesi kabisa, kisha shuka yote. Rudia, macho yakiwa mbele. Tabia ya kuinama kutazama kaseti ikiota mizizi ni vigumu kuing'oa, na barabara zetu hazimwonei huruma mtu anayetazama nyuma. Sikio linatosha: gia iliyokaa iko kimya, na gia ambayo haijakaa inachacharika. Mguu nao unajua uzito ulipobadilika.

Utajua umeiva siku utakapobadili bila kukumbuka kwamba umebadili.

Hatua ya 4: Mkono wa kushoto

Kuruka kutoka 50 hadi 34 ni kuruka kukubwa. Tuseme uko kwenye 50 mbele na 21 nyuma, miguu inazunguka mara 85 kwa dakika, unakwenda kilomita 25 hivi kwa saa. Ukishusha mbele hadi 34 bila kugusa nyuma, ili ubaki na mwendo uleule miguu ingelazimika kuzunguka mara 125. Haiwezi. Badala yake pedali zinaanguka tupu chini ya miguu, mwendo unakufa, na aliye nyuma yako anakugonga.

Tiba ni kutumia mikono yote miwili. Kwenye kaseti ya 11 hadi 28 yenye sproketi 11, baada ya 21 kuelekea ndogo zinafuata 19, 17 na 15. Kwa hiyo unaposhusha mbele, mara tu mnyororo ukikaa, mkono wa kulia unabonyeza mara mbili au tatu kwenda kwenye sproketi ndogo zaidi. Ukiwa 34 kwa 15, miguu inarudi kwenye kasi ileile ya karibu 90. Mwendo haukatiki. Aliye nyuma yako hajui hata kama umebadili.

Ukipandisha mbele, kutoka 34 kwenda 50, geuza utaratibu. Kwanza mkono wa kulia upeleke nyuma kwenye sproketi kubwa zaidi kwa hatua mbili. Halafu punguza nguvu kabisa kwa mzunguko mzima, kisha sukuma leva ya kushoto. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: usiiachie leva haraka. Isukume hadi mwisho na uishikilie mpaka uhisi mnyororo umepanda. Sproketi kubwa ya mbele ina vijipini na mifereji kwa upande wake wa ndani, na mnyororo unapanda pale tu kimojawapo kinapofika. Ukiachia mapema, mnyororo unabaki ukisugua katikati, haujapanda wala haujashuka.

Usibonyeze pande zote mbili kwa wakati mmoja mwanzoni. Acha nafasi ndogo katikati. Mnyororo unaosukumwa mbele na nyuma kwa mpigo mmoja una njia nyingi za kuanguka.

Kuna pembe mbili za kuepuka. Ya kwanza ni sproketi kubwa mbele na kubwa kabisa nyuma: mnyororo unavutwa hadi mwisho na kukaa mshazari, na kama ulikatwa mfupi unaweza kuing'oa dereila. Ya pili ni ndogo mbele na ndogo kabisa nyuma: mnyororo unalegea na kujisugua kwenye ile kubwa ya mbele. Usisubiri ufike huko. Ukiona zimebaki sproketi mbili kufika ukingoni mwa kaseti, hiyo ndiyo ishara ya kubadili mbele.

Kama unasikia msuguano mdogo wa kudumu huku gia imeshaingia, huenda ni mnyororo unaogusa kibano cha mbele. Leva nyingi za kushoto za Shimano zina nusu hatua kwa ajili hiyo: bonyeza kidogo, chini ya ile hatua kamili, kibano kitasogea milimita moja hivi na kelele itaisha.

Hatua ya 5: Mlima

Hadi mwaka 1937 washindani wa Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, hawakuruhusiwa kutumia dereila. Magurudumu yao ya nyuma yalikuwa na sproketi kila upande, na wakifika chini ya mlima walisimama, wakalifungua gurudumu, wakaligeuza, wakaendelea. Gia iliamuliwa kabla mlima haujaanza kuuma. Dereila imeondoa ulazima wa kushuka, lakini kanuni ile haijabadilika.

Chukua Barabara ya Magadi. Kutoka Kiserian unapanda hadi Kona Baridi, kisha barabara inamwagika kuelekea Bonde la Ufa. Nairobi iko mita 1,700 na ushee juu ya usawa wa bahari, Ziwa Magadi liko kwenye mita 600 hivi. Kushuka ni raha. Kurudi ni zaidi ya mita 1,000 za kupanda, tena kwenye jua, na barabara haipandi kwa mkato mmoja: inainuka, inalala, inainuka tena. Hapo anayejua gia anafika akiwa na maneno kinywani.

Soma barabara iliyo mbele yako. Ukiuona mwinuko, badili mbele kwenda sproketi ndogo ukiwa bado kwenye sehemu tambarare au mita chache za mwanzo, miguu ikiwa bado inazunguka kwa urahisi, na urekebishe nyuma kama tulivyofanya kwenye hatua ya nne. Kuanzia hapo panda kwa mkono wa kulia peke yake, sproketi moja kila miguu inapoanza kuzubaa. Usingoje hadi uhisi maumivu kwenye mapaja. Kasi ya miguu ikishuka chini ya 70, umeshachelewa kidogo.

Nakusihi uweke akiba. Ukianza mlima mrefu ukiwa tayari kwenye gia nyepesi kabisa, huna pa kukimbilia utakapozidi ukali. Kwenye mwinuko usioujua, jitahidi ubaki na sproketi moja ambayo hujaigusa. Mguu unatulia unapojua kwamba bado ipo.

Ukitaka kusimama juu ya pedali, nenda gia moja nzito zaidi kwanza, halafu inuka. Ukisimama miguu huzunguka polepole na uzito wote wa mwili unashuka kwenye pedali, kwa hiyo gia ileile ya kukalia itahisi nyepesi mno na utayumba. Ukiketi, rudi gia moja. Kubadili ukiwa umesimama ni kazi ya baadaye, wakati mguu wako umeshajua kupunguza bila kuambiwa.

Je, ukichelewa? Umekwama kwenye gia nzito, mlima umekubana, pedali haziendi. Usibonyeze kwa hofu. Kusanya nguvu, kandamiza pedali mara moja au mbili kwa nguvu kweli ili baiskeli ipate msukumo, kisha katika nusu mzunguko unaofuata legeza miguu kabisa na ubonyeze sproketi moja tu. Baiskeli itasogea kwa ule msukumo huku mnyororo ukihama. Rudia. Ni kama kuvuta pumzi kati ya makasia. Na ikishindikana, shuka, inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali kwa mkono hadi gia nyepesi ikae, panda tena. Usijaribu kugeuka mshazari kukata barabara ili upate wepesi kwenye mlima wa Mai Mahiu ambako malori yanapita. Heshima ya kutoshuka haina thamani hiyo.

Hatua ya 6: Matuta, vituo na makutano

Ajuaye kupanda mlima bado anaweza kuumbuliwa na tuta. Unakuja na mwendo, unafunga breki, unavuka, na sasa uko kwenye mwendo wa kutembea ukiwa na gia ya kilomita 30 kwa saa. Unasukuma, mnyororo unalia, na matatu inapiga honi nyuma yako.

Badili kabla ya breki. Kwenye leva za Shimano ni vigumu kusukuma leva ndani na kuivuta kwa wakati mmoja, kwa hiyo utaratibu wenyewe unakulazimisha: ukiliona tuta, endelea kuzungusha miguu taratibu, nenda sproketi mbili au tatu nyepesi zaidi, ndipo ubane breki. Fanya vivyo hivyo unapokaribia mataa, mzunguko wa barabara, au kituo ambapo matatu na daladala huchomoka bila kutoa ishara. Ukishasimama, nafasi imepita. Kama umejikuta umesimama kwenye gia nzito, usibonyeze ovyo ukingojea taa, maana ukikanyaga pedali leva zote ulizobonyeza zitatimia kwa pamoja na mnyororo utaruka.

Mteremko ni rahisi: kabla hujaanza kushuka nenda sproketi kubwa ya mbele na katikati ya kaseti, na uzungushe miguu kidogo kila mara hata kama huhitaji. Mnyororo uliokazwa haupigipigi fremu wala hauanguki kwenye mashimo, na ukifika chini una gia ya kuendelea nayo.

Mnyororo ukianguka

Ukiangukia ndani, upande wa fremu, usiendelee kukandamiza. Zungusha kwa wepesi sana na usukume leva ya kushoto kuelekea sproketi kubwa; mara nyingi utapanda wenyewe huku unatembea. Ukihisi umekwama, simama. Sukuma mkono wa dereila ya nyuma kuelekea mbele ili mnyororo ulegee, ulaze juu ya meno ya sproketi ndogo, zungusha pedali mbele kwa mkono. Beba kitambaa mfukoni.

Ikiwa umefanya yote na bado haikai

Hapo sasa tuitazame baiskeli. Kwenye baiskeli mpya, waya na ala zake hujikaza mahali pake katika wiki za mwanzo, na gia zilizokuwa safi dukani zinaanza kusitasita. Hilo ni la kawaida. Pale waya wa gia unapoingia kwenye dereila ya nyuma, au mahali pengine njiani kwenye baiskeli nyingine, kuna kirekebishi kidogo cha kuzungusha kwa vidole. Mnyororo ukisita kupanda kwenye sproketi kubwa, waya umelegea: kizungushe kinyume cha saa, robo mzunguko, jaribu tena. Ukisita kushuka kwenda ndogo, kizungushe upande wa saa, robo robo hivyo hivyo. Ukizidisha mzunguko mzima bila mabadiliko, acha. Huenda waya umeshika kutu au vumbi ndani ya ala, na kwenye mtumba hilo ndilo la kwanza kukagua. Waya mpya ni bei ndogo kuliko lawama zote ulizoitupia dereila.

Zile skrubu mbili zilizoandikwa H na L usiziguse mpaka ufundishwe. Zinazuia mnyororo usivuke ukingo wa kaseti. Ya L ikilegezwa, mnyororo unaweza kuingia kwenye spoku ukiwa mlimani, na hapo unaweza kupoteza dereila, gurudumu na ngozi kwa pamoja. Na kama baiskeli iliangukia upande wa kulia, hata ikiwa imesimama tu, kipande kinachoishika dereila kwenye fremu huenda kimepinda. Simama nyuma ya baiskeli uangalie: vile vigurudumu viwili vinapaswa kuwa wima, sambamba na sproketi.

Mnyororo wenyewe pima kwa rula. Pingili 24, kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya mwisho, zikiwa mpya zina milimita 304.8. Zikifika 306 na nusu hivi, badilisha, kwa kuwa mnyororo uliochakaa unayala meno ya kaseti, na kaseti ni ghali zaidi. Usitie mafuta ya injini: yanakusanya vumbi na kugeuka kuwa msasa. Paka mafuta membamba ya mnyororo, tone moja kila pingili, ngoja, kisha pangusa yote ya nje hadi kitambaa kisitoke cheusi.

Ukimpelekea fundi, usimwambie tu kwamba gia hazifanyi kazi. Mwambie ni sproketi gani kwenda gani, ukipanda au ukishuka, na kama inatokea mlimani peke yake. Akishamaliza kurekebisha baiskeli ikiwa imening'inia, mwombe aipande mwenyewe, au uipande wewe mbele yake, kwenye mwinuko wowote ulio karibu. Ikining'inia haina mzigo, na bila mzigo karibu kila gia huingia.